Kwa Nini Niliondoka Juba: Jibu kwa Mnaoniuliza Kila Wiki

Ndugu zangu mlioko Juba, kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Eldoret na popote mnaponitazama, salaam. Kuna swali moja ambalo nimelikwepa kwa muda mrefu, nalo halichoki kuja: "Dada, wewe ulirudi nyumbani Sudan Kusini kufanya kazi serikalini, mbona uko tena Canada?" Wengine huliuliza kwa upole, kwa kuwa wana shahada zao na wanapima kama nao warudi, wengine huliuliza kama watu wanaomsomea mtu mashtaka. Nitalijibu leo, huku nikijua kwamba nikitaja mshahara nitaambiwa ninaringa, na nikitaja mshahara uliochelewa nitaambiwa ninadeka ilhali nimeshiba. Semeni mtakavyo, ila nisikilizeni kwanza.

Sitawasimulia habari za tarehe 9 Julai 2011, siku nchi yetu ilipopata uhuru kutoka Sudan, kwa sababu kila mmoja wenu anakumbuka alikuwa wapi siku hiyo. Mimi nilifika Juba mwezi uliofuata, mhasibu niliyekwisha kufanya kazi Calgary, Canada, kwa miaka 7, nikiwa na mkataba wa mwaka mmoja uliolipwa na wafadhili kwa dola. Wizara sitaitaja. Humo ofisini nilikuta watu wa aina mbili: waliobaki chini ya serikali ya Sudan kule Khartoum wakaijua kazi kwa Kiarabu, na waliotoka msituni wakiwa na vyeo vya jeshi. Sisi wa ughaibuni tukawa wa tatu, na kila mmoja wetu alikuja na kompyuta yake mkononi. Serikali pia ilikuwa imeletewa maofisa wapatao 200 kutoka Kenya, Uganda na Ethiopia kupitia IGAD, ile jumuiya ya nchi za Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika, na mpango wao, kwa maoni yangu, ulikuwa na akili kuliko wetu: nchi zao ziliendelea kuwalipa mishahara, Norway ikalipa posho, na kila ofisa akapangiwa mwenyeji wa kufanya naye kazi bega kwa bega. Sisi hatukupangiwa mtu. Mimi nilipewa meza tu, nayo ilikuwa meza ya mtu mwingine.

Mwenye meza alikuwa mzee tuliyemwita Ustaz, aliyeshika hesabu za mishahara tangu ujana wake. Katiba ya mwaka 2011 ilipoifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya kazi, mzee huyo aliyekuwa akiandika Kiarabu safi bila kufuta hata herufi alijikuta, kwa siku moja, hajui kusoma barua za ofisi yake mwenyewe. Kiarabu changu ni cha sokoni na Kiingereza chake kilikuwa cha salamu, kwa hiyo tulielewana kwa tarakimu. Mshahara wake wa mwezi mzima haukufikia malipo yangu ya siku nne. Sikuupanga mimi utaratibu huo, lakini nilikaa kwenye kiti chake huku yeye akiketi kwenye benchi karibu na mlango, na wala sitajifanya kwamba sikuliona hilo.

Kazi yangu ilikuwa kusafisha orodha ya mishahara. Siku ya malipo fedha zililetwa taslimu, noti zikiwa zimefungwa kwa mipira, na watu wakatia saini au wakabonyeza dole gumba kwenye daftari. Nilipoyahamisha majina kwenye kompyuta, nilimkuta Yousif, Yusuf na Joseph, wote wana jina moja la baba, nikafurahi kwamba nimewakamata wafanyakazi hewa watatu kwa mpigo. Ustaz alikuja akaweka kidole kwenye kila mstari: huyu ni dereva, huyu ni mlinzi, na huyu wa tatu alikufa mwaka 2008, anayekuja kupokea ni mjane wake mwenye watoto wanne. Kwa hiyo hewa alikuwa mmoja tu, naye alikuwa na watoto wanaokula. Nililifuta jina hilo, kwa sababu sheria ndivyo ilivyotaka, na fomu za mafao ya mjane nikazijaza mwenyewe. Mpaka naondoka zilikuwa hazijajibiwa. Baada ya hapo nililifunga faili kwa neno la siri, ili jina lolote lisirudi usiku bila mimi kujua.

Sasa tuzungumzie fedha, maana najua wengi mmekaa kuzisubiri. Januari 2012 serikali ilifunga visima, na mafuta ndiyo yaliyokuwa yakileta karibu asilimia 98 ya mapato yake. Mkataba wangu wa dola ulipokwisha sikuongezewa. Niliambiwa niingie kwenye ngazi za kawaida za serikali, nilipwe kwa pauni ya Sudan Kusini, nikakubali. Kwa hesabu ya benki dola moja ilikuwa pauni 2.95, lakini mtu asiye na jamaa benki aliinunua mtaani kwa zaidi ya pauni 4, na mimi nilikuwa natuma fedha Calgary, ambako watoto wangu waliishi na mdogo wangu. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kodi ya Canada haiangalii umelala wapi. Inaangalia nyumba na watoto wako wako wapi. Nilidaiwa maelezo ya mapato ya Juba, na ofisi yangu ya Juba haikuwa na karatasi yoyote ya kuyathibitisha isipokuwa daftari lenye dole gumba. Michango yangu ya pensheni ilikatika kwa muda wote huo. Niliporudi, mwajiri mmoja aliutazama wasifu wangu akaniuliza kwa adabu nilikuwa "nimepumzika" kwa sababu gani.

Na cheti cha uraia, jamani! Nilitakiwa nilete mzee wa upande wa baba aje athibitishe kwamba mimi ni wa kwetu, ilhali wazee wa upande wa baba waliisha vitani. Karani aliye mdogo kwangu kwa miaka kumi alinisemesha kwa lugha ya mama, nikajibu kwa lafudhi ya Kakuma, akacheka na kuniambia nikatafute cheti Kenya. Nilikwenda mara sita. Huenda wewe ukakipata kwa siku moja, kwa hiyo usiondoke hapa ukisema dada amesema haiwezekani.

Kwa anayepima kurudi, ninayosema ni ya kwangu peke yangu, yaliyonikuta mimi nikiwa mama wa watoto wawili mwenye nyumba ya mkopo. Kijana asiye na mzigo anaweza kuyapima vingine kabisa. Ningekuwa naanza leo, ningetaka kujua kwa maandishi nani atanilipa mwezi wa kumi na tatu, na ningekataa kukaa mpaka mwenyeji wa meza awekewe kiti pembeni yangu na jina lake liwe kwenye mkataba wangu.

Sasa acheni nilijibu swali lenyewe. Julai 2013 rais alilivunja baraza zima la mawaziri, na karatasi zetu zikakaa kwa muda bila mtu wa kuzitia saini. Usiku wa Desemba 15 milio ya risasi ilianza, na siku ya nne nilikuwa kwenye ndege ya kwenda Nairobi na mkoba mmoja, kwa sababu nilikuwa na pasipoti ya Canada. Ustaz hakuwa nayo. Anayesema kwamba nilikimbia hasemi uongo, na mshahara wangu wa Novemba uko huko hadi leo.

Mwezi wa pili mwaka 2014 simu yangu iliita saa tisa usiku, saa za Calgary. Alikuwa Ustaz, na mwanawe akitafsiri. Nilianza kuomba radhi, nikaeleza habari za watoto, za uwanja wa ndege na jinsi nilivyoshindwa kuaga. Mzee alinisubiri hadi nikamaliza, kisha akaniuliza neno la siri la faili la mishahara, kwani watu walikuwa wamejipanga mlangoni na hakuna aliyeweza kulifungua.