Hosi za usukani zipimwe mashine ikiwa imekatwa kona mpaka mwisho na imeinuliwa

Haya jamani, sogeeni mbele kidogo muione hii mashine, injini ya boti, vizuri, maana leo mazungumzo yetu yote yako hapa nyuma ya boti, siyo kule kwenye usukani. Mtu akinunua usukani wa hidroliki, yaani unaosukumwa na presha ya oili, anauliza pampu, anauliza silinda, anauliza oili gani inaingia, hosi, ile mipira inayopitisha oili, haulizi. Na hosi ndo inayowaacha watu katikati ya maji. Na mara nyingi haifi kwa presha, inakufa kwa kusuguliwa na kukunjwa, yaani imeuliwa na aliyeifunga.

Tuelewane kwanza, haraka haraka. Ukizungusha usukani pampu inasukuma oili kwenye hosi moja, inaingia upande mmoja wa silinda, na oili ya upande wa pili inarudi kwa hosi nyingine. Ukikata kulia hii inabeba presha, ukikata kushoto ile. Hakuna ya akiba hapo. Moja ikipasuka umepoteza pande zote mbili, sababu oili inamwagika na pampu inabaki kusukuma hewa tu. Na propela ina tabia ya kuivuta mashine upande mmoja, sasa ikiwa silinda haiishiki tena mashine inaweza kujikata yenyewe ghafla boti ikiwa kwenye spidi, na hapo watu wanarushwa nje. Kwa hiyo ile kamba ya kuzimia mashine ivaeni, kila siku, hata kama ni safari ya karibu.

Sasa angalieni hapa. Kwenye silinda nyingi za namna hii, zile zinazokaa mbele ya mashine, kile chuma kirefu kimesimama hakiendi popote, ni silinda yenyewe ndo inatembea juu yake kushoto na kulia, na ncha za hosi zimefungwa kwenye silinda kwa hiyo zinatembea nayo. Halafu ukiinua mashine silinda nzima inazunguka kwenda juu pamoja nayo. Mmeona? Ncha moja ya hosi inakwenda kushoto, kulia, juu, chini, na ncha nyingine imebanwa kwenye boti. Kila mwendo huo lazima ubebwe na kile kipande kifupi cha katikati, na hapo ndo ugomvi wote ulipo.

Fundi anapokosea anapima hosi mashine ikiwa imeshuka na imenyooka. Inakaa vizuri, inapendeza, anafunga anaondoka. Siku mwenye boti anaiinua mashine mpaka juu kabisa halafu anakata usukani mpaka mwisho, hosi inanyooka kama inataka kung'oka kwenye nati yake, au ya upande wa pili inakunjika hapo hapo kwenye shingo ya chuma iliyo mwishoni mwa hosi. Hosi inatakiwa ipimwe mashine ikiwa imekaa vibaya kuliko vyote. Mashine imezimwa, mmoja anakaa kwenye usukani mwingine anachuchumaa hapa nilipo. Mashine ikiwa chini, kata mwisho kushoto, mwisho kulia. Inua mpaka nusu, rudia. Inua mpaka juu kabisa, rudia tena, na usidhani ukishaangalia hosi moja umemaliza sababu pembe inayoivuta hii siyo inayoivuta ile. Mwenye kuchuchumaa awe na chaki, kila hosi inapogusa kitu aweke alama, awe anaangalia pia mifuniko ya boti ikiwa imefungwa maana wengi wanapima mifuniko iko wazi, wakifunga ndo hosi inabanwa. Kama mashine imekaa kwenye kile kibao cha kupandisha na kushusha wima, mwendo umeongezeka, pima na huo. Kama ni mashine mbili angalia hosi zinazopita katikati yake, hapo ndo zinabanwa.

Na msiende upande wa pili mkaacha hosi ndefu kupita kiasi. Hosi ndefu inalala ndani ya lile beseni la nyuma ya boti, mbele ya mashine, inazunguka kwenye mpira wa mafuta, inanasa kwenye nanga na kamba za uvuvi. Nataka upinde mmoja mpana, unaofunguka na kujifunga bila kugusa kona yoyote. Ukiona upinde unataka kuwa na kona kali, geuza ile fitingi, kona ya chuma inayounganisha hosi na silinda, ielekee kwingine kabla hujakaza, mara nyingi tatizo linaishia hapo. Na wakati wa kukaza tumia spana mbili, moja inashika fitingi moja inakaza nati, sababu ukikaza na moja hosi yote inajisokota, na hosi iliyosokotwa ukiipa presha inataka kujinyoosha, inavuta ile nati kidogo kidogo mpaka inalegea. Zile hosi zenye maandishi marefu ubavuni zinasaidia, maandishi yakizunguka kama mzabibu ujue umeisokota.

Tuje kwenye kupita ndani ya boti. Tundu la faiba lililotobolewa na drili lina makali kama msumeno hata likionekana laini, kwa hiyo kila tundu liwe na pete ya mpira, na tundu liwe kubwa kiasi nati ipite bila kulazimishwa. Ndani huko ishikwe na klampu zenye mpira ndani, kila nusu mita hivi, isicheze. Vile vifungo vya plastiki vya kuvuta mimi sina ugomvi navyo ila watu wanavivuta mpaka hosi inabonyea, na ukibonyeza ndo mwanzo wa kuikata. Na tafadhali usifunge hosi za usukani pamoja na waya za betri na kebo za gia kwenye sehemu inayotembea, kila kimoja kina mwendo wake, kimoja kinakuwa kinamvuta mwenzake. Kitu kingine ambacho watu hawakijui, hosi ipande taratibu kuelekea kwenye pampu. Ukiipitisha juu ya kitu halafu ikashuka tena umetengeneza kilima, hewa inakaa pale juu haitoki, utatoa hewa siku nzima na usukani utabaki laini laini.

Kuhusu kuvalisha. Ule mkanda wa plastiki wa kujiviringisha ni mzuri pale hosi inapogusana na hosi mwenzake. Pale inapogusa kona ya boti mkanda hautoshi, unahamisha tatizo tu, hosi inasogezwa isiguse. Wengine wanapasua mpira wa kumwagilia bustani wanauvalisha juu, unazuia jua kweli na jua linaua ganda la hosi, lakini unahifadhi mchanga na chumvi ndani na unaficha kila kitu. Mimi siupendi karibu na nati. Kama umevaliwa, uvue, uoshe kwa maji yasiyo na chumvi, uangalie chini yake.

Na unaangalia nini? Hosi inayosuguka inaanza kwa kung'aa, doa dogo linang'aa kuliko sehemu nyingine. Halafu pembeni ya doa kunakuwa na unga mweusi. Halafu zinaanza kuonekana nyuzi za ndani ya hosi, na ukiona nyuzi hiyo hosi haiendi majini tena, hakuna tepu ya kuiokoa. Kwenye shingo ya chuma angalia unyevu ulioshika vumbi, maana oili inavuja polepole haidondoki. Futa kwa karatasi, kata usukani mpaka mwisho pande zote, futa tena. Tumia karatasi, usipitishe mkono mtupu kwenye hosi yenye presha. Na kwenye meno ya skrubu ya fitingi usitie ile tepu nyeupe ya mabomba, vipande vyake vinaingia kwenye vali vinakaa humo. Wala usijaze mafuta ya breki, yanaharibu sili, zile raba za kuzuia oili isivuje.

Mwenzetu hapa anauliza hosi ibadilishwe baada ya miaka mingapi. Sikupi mwaka mmoja wa kila boti, sababu inayolala juani na inayolala bandani hazizeeki sawa. Ikunje kidogo kwa mkono, ganda likionyesha mipasuko badilisha. Imekuwa ngumu kuliko ile iliyoko ndani ya boti, badilisha. Shingo ina kutu au imevimba, badilisha, na badilisha zote mbili kwa pamoja kwani zimekaa jua moja. Na ikipasuka mkiwa majini, punguza moto, yaani nguvu ya mashine, taratibu, zima, fungeni mashine kwa kamba ikae imenyooka, halafu washeni mrudi kwa moto mdogo kabisa mkiongoza na kasia. Chupa ya oili ya akiba inasaidia kama ni kuvuja kidogo tu, unaongeza pale kwenye pampu huku unarudi. Ikishapasuka kabisa utaimwaga yote.