Gorila Anatafuta Chumvi: Mhadhara kuhusu Chakula cha Gorila wa Porini

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie chakula cha gorila, na nafahamu kwamba baadhi yenu mnalima kandokando ya msitu. Kwenu habari hii si hadithi ya mbali, maana mgeni huyu hufika hadi shambani.

Tuanze na tumbo. Gorila dume aliyekomaa huweza kufikisha kilo 150 na zaidi, na mwili wote huo unajengwa hasa kwa majani, mashina, magome na matunda. Hana tumbo la kucheua kama ng'ombe. Mimea anayokula huchachuka kwenye utumbo mpana, ambamo vijidudu huvunja nyuzinyuzi na kumpatia nguvu. Kazi hiyo ni ya taratibu, ndiyo maana ana kitambi kile, na ndiyo maana akishakula asubuhi utamkuta amejilaza mchana. Kwa siku moja anaweza kula kilo 18 za mimea mibichi, hata zaidi.

Ila msitu haufanani kila mahali. Kwenye miteremko ya volkano za Virunga, mpakani mwa Rwanda, Uganda na Kongo, matunda ni haba sana. Gorila wa huko wanaishi kwa galiamu, ule mmea mwembamba unaonata, pamoja na selari mwitu, mbaruti, na machipukizi ya mianzi msimu wake ukifika. Chakula kimewazunguka pande zote, kwa hiyo hawana haja ya kwenda mbali wala kugombana sana. Kundi moja la gorila liitwalo Pablo, upande wa Rwanda, liliwahi kufikia gorila 65 mwaka 2006. Bwindi, Uganda, msitu unashuka hadi mita 1,160 hivi juu ya usawa wa bahari. Matunda yapo, na gorila hupanda miti kuyafuata. Gabon na Congo-Brazzaville ndiko wanakokula matunda kwa wingi zaidi, na hutembea mbali zaidi kuyatafuta. Mbegu wanazomeza hutoka nzima na kuota pale wanapolala, mahali penye mwanga. Msitu nao unapata faida.

Sasa mtazameni gorila wa Virunga akila majani ya mmea unaowasha ngozi. Kwa mkono mmoja anashika shina chini. Mkono wa pili unapanda juu ukikwangua majani yote kwa mpigo mmoja. Anavinyonga vikonyo na kuvitupa. Kisha anakunja fungu lile mpaka jani moja tu linabaki nje limefunika mengine, analitia mdomoni. Richard Byrne na Jennifer Byrne, waliochunguza ufundi huu kwenye kituo cha utafiti cha Karisoke, Rwanda, walieleza hatua hizi moja baada ya nyingine. Mimi kila nikiufikiria ufundi huu nashangaa upya. Yule anayeitwa mla majani ana maarifa mikononi.

Nakuja kwenye jambo lililonileta. Kijani kingi si lazima kiwe chakula kilichokamilika. Mimea ya milimani ina protini ya kutosha, lakini sodiamu, yaani ile chumvi ambayo kila mwili wa mnyama unaihitaji, ni kidogo mno. Bwindi watu walikuwa wakiwaona gorila wakitafuna magogo yaliyooza, wakilamba visiki, wengine wakirudia gogo lilelile siku baada ya siku. Mwaka 2006 Jessica Rothman na wenzake walitoa jibu: mbao zile zilikuwa chini ya asilimia 4 ya uzito wa chakula chao, lakini ziliwapa zaidi ya asilimia 95 ya sodiamu yote. Fikirini hapo. Gogo ambalo sisi tungeliita uchafu wa msitu ndilo linalowapa karibu chumvi yao yote. Kwa hiyo anayedhani kuokota kuni kavu ndani ya hifadhi hakumdhuru mnyama yeyote, namwomba afikiri tena.

Haja hiyohiyo inawatoa nje ya mipaka. Rwanda, gorila huvuka ukuta wa hifadhi ya Volkano wakaingia kwenye mikaratusi ya wakulima na kubandua magome, kwa sababu yana sodiamu nyingi kuliko mimea yao ya kawaida. Wengine hupanda juu sana, kwenye baridi kali, kutafuta mimea ya huko kwa ajili ya chumvi hiyohiyo. Kandokando ya Bwindi huangusha migomba wale kiini cha shina, matunda wakayaacha. Mkulima anapata hasara ya kweli, na hasira yake naielewa kabisa.

Ndugu mmoja aliniuliza kabla hatujaanza: basi mpakani tupande nini? Nikamjibu, na nawajibu nyote: msipande mkaratusi wala mgomba kwenye mstari wa kwanza. Chai gorila haili, na kule Nkuringo, kandokando ya Bwindi, imepandwa kando ya msitu kwa sababu hiyo. Migomba yenu irudisheni nyuma, karibu na nyumba, na magogo ya msituni yaacheni yaoze palepale yalipoangukia.