Mamdogo anataka kujua CD4 zake

ZUHURA: Karibuni tena. Leo tulipanga kueleza VVU vinavyobomoa kinga ya mwili, na Kibwana kaja na karatasi ya mambo manne. Ila kwanza, hebu simulia ya Jumanne.

KIBWANA: Nilimsindikiza mamdogo kliniki. Yule wa Tanga, mnamjua. Kaniruhusu nisimulie, jina tu nisitaje. Kaambiwa virusi havionekani kwenye kipimo. Badala ya kufurahi kauliza, "Na CD4 zangu ngapi?" Yaani zile seli nyeupe za kinga ambazo VVU huzivamia. Nesi akamwambia siku hizi mtu aliyetulia kwenye dawa hawampimi hizo. Alinuna mpaka stendi.

ZUHURA: Nesi alikuwa sahihi.

KIBWANA: Nilijua tu, mtu wa maabara wewe.

ZUHURA: Wingi wa virusi ndio unaoonyesha kama dawa inafanya kazi. Vikishafubaa, kinga inapata nafasi ya kujijenga, na mwenza haambukizwi kwa kujamiiana.

KIBWANA: Ngoja kwanza. Mamdogo ana kaunta buku, kurasa za nyuma kaandika tarehe na CD4. Ya kwanza ni 2005: 310. Akaambiwa arudi nyumbani, zikishuka chini ya 200 ataanzishiwa dawa. Ndio ulikuwa mwongozo wa wakati ule.

ZUHURA: Yaani usubiri kuugua ndipo utibiwe.

KIBWANA: 2007: 143. Hiyo kaizungushia kalamu nyekundu. Ana kifua kikuu, ana fangasi kooni, hata uji haupiti. Akaanza dozi. 220, 305, 460. Mwaka 2014, 612! Na pembeni ya kila namba kaandika aliyemsindikiza siku hiyo. Mimi nipo kwenye 460.

ZUHURA: Mungu ambariki. Daftari hilo naliheshimu, dada yenu. Lakini kwenye damu mna kama asilimia 2 tu ya limfosaiti za mwili mzima, yaani kundi la seli nyeupe ambamo CD4 zimo. Zilizobaki ziko kwenye tezi, kwenye wengu, kwenye kuta za utumbo. Na utumbo ndiko VVU vinakofanya uharibifu mkubwa mwanzoni. Wiki chache tu, mtu hajajua kitu, CD4 nyingi za huko zimeshateketea.

KIBWANA: Zinateketeaje?

ZUHURA: Kirusi kinang'ang'ania protini ya CD4 iliyo juu ya seli, kinaingia. Kinageuza RNA yake, yaani maelekezo yake ya urithi, kuwa DNA, kinaipachika kwenye DNA ya seli, na seli inaanza kuzalisha virusi. Nyingine nyingi hazifiki huko. Kirusi kinakwama njiani, seli inagundua imeingiliwa, inajipasua. Ikipasuka inamwaga kemikali za uvimbe zinazoita CD4 nyingine zije palepale, nazo zinavamiwa. Na CD4 ndizo zinazoelekeza seli B zitengeneze kingamwili, ndizo zinazochochea seli zinazoua. Zikipungua, kifua kikuu kilicholala miaka kinaamka.

KIBWANA: Sasa nani atajua zimepungua kama hazipimwi? Mtu kaja leo kwa mara ya kwanza, kakonda, kichwa kinamgonga. Akiwa chini ya 200 anatakiwa apimwe fangasi wa kriptokoka, anayeshambulia ubongo, kwenye damu, na TB kwenye mkojo. Wingi wa virusi hautakwambia hilo.

ZUHURA: Huyo apimwe, sibishi. Na aliyeacha dawa akarudi, apimwe. Mimi namsema mamdogo, aliyefubaza miaka yote hii.

KIBWANA: Namba hiyo ndiyo iliyomnyima dawa, ndiyo iliyompa dawa. Leo unamwambia haimhusu?

ZUHURA: Namwambia inaweza kumpotosha. CD4 hushuka kwa maambukizi ya kawaida, kwa ujauzito, hata za asubuhi na za jioni hazilingani. Nimeona mtu katoka 700 hadi 540 akakosa usingizi, na virusi havionekani. Mwingine kafika 800, kasema amepona, kaacha dawa. Virusi vimejificha kwenye seli za kumbukumbu zilizolala! Dawa haivifikii huko. Ukiacha, baada ya wiki chache vimerudi.

KIBWANA: Huyo alikosa maelezo. Kipimo hakina kosa.

ZUHURA: Maelezo ampe nani, kwa foleni ile?

KIBWANA: Basi tatizo ni foleni.

ZUHURA: Tatizo ni kumfundisha mtu kutegemea kipimo kisichomwambia anachotaka kujua.

KIBWANA: Anataka kujua mwili wake ukoje. Ana haki.

ZUHURA: Sikubali, Kibwana.

KIBWANA: Wala mimi.

ZUHURA: Tumebakiwa na dakika mbili.

KIBWANA: Na karatasi nzima! Kipindi cha matazamio, yaani siku za mwanzo ambapo kipimo bado hakionyeshi VVU; PrEP, ile dawa ya kujikinga na VVU; Timothy Ray Brown, mtu wa kwanza kupona VVU, alivyopona; utafiti wa START wa 2015...

ZUHURA: Sema hiyo START tu.

KIBWANA: Ulionyesha wanaoanza dawa CD4 zikiwa bado juu ya 500 hawaugui sana kama wanaosubiri. Tangu 2016 hapa Tanzania ukikutwa na VVU unaanza dawa, hata CD4 ziwe 900. Kama kuna mtu aliambiwa zamani asubiri na bado anasubiri, aende kesho.

ZUHURA: Aende kesho, jamani. PrEP tuiweke wiki ijayo?

KIBWANA: Wiki ijayo tuna mgeni wa bima, hatuwezi kumwahirisha tena.

ZUHURA: Basi nitairekodi peke yangu.

KIBWANA: Bila mimi? Haiwezekani.