Dada bodaboda ndani ya memori

SALIM: Karibuni. Heksadesimali, namna ya kuandika namba za kompyuta, ina tarakimu 16, yaani 0 hadi 9, kisha A hadi F. Herufi hizo sita ndizo watunga programu wanazochezea maneno. Faili la lugha ya Java likishakompailiwa huanza na baiti nne, kila baiti tarakimu mbili: CA FE BA BE. Kiswahili nacho kinaingia humo, dada Rehema?

REHEMA: Kinaingia kwa kubanana. Konsonanti ni b, d na f tu; c ikiwa peke yake kwetu haina kazi. Vokali a na e tunazo. O tunaiazima kwa 0, i kwa 1, s kwa 5. U ndiyo hakuna, kwa hiyo DUDU, yaani kosa la programu, halipo, na ndilo lingefaa kuliko yote.

SALIM: Yapi yanapita?

REHEMA: BABA, DADA, BEBA, yote bila kuazima. BAD0 pia. FA1DA lina tarakimu tano, linaacha nusu baiti ikining'inia. F15AD1, fisadi, kwa data iliyoharibika halina mpinzani. Ila namba ya biti 32 inataka tarakimu nane, kila tarakimu ni biti nne za 0 au 1, na hapo ni 0xB0DAB0DA; 0x inaonyesha tu kwamba ni heksadesimali.

SALIM: Bodaboda! Nikiihifadhi kama namba kwenye mashine yenye prosesa ya aina ya x86, halafu nikafungua faili kwa xxd, programu inayoonyesha baiti za faili?

REHEMA: Utasoma da b0 da b0. Dabodabo. Prosesa hizo hutanguliza baiti ya mwisho. Ukitaka isomeke vizuri kwenye faili, andika baiti moja moja: B0, DA, B0, DA. Java imejiwekea kanuni ya kutanguliza baiti kubwa, ndiyo maana CAFEBABE inaonekana ilivyo kwenye mashine yoyote.

SALIM: Na mtu akiandika memset(p, 0xB0DAB0DA, n), amri ya lugha ya C ya kujaza memori?

REHEMA: memset inachukua baiti moja tu, ile ya mwisho. Memori nzima inajaa DA. Unatafuta bodaboda, unakuta dadadadadada mpaka chini. (Kicheko.) Kwa memset chagua neno la baiti inayojirudia, 0xBA au 0xDA, na suala la mpangilio wa baiti linakwisha hapo hapo.

SALIM: Kiini cha Linux nacho, ukiwasha ukaguzi wa memori, hujaza 0x5a kwenye sehemu ambayo bado haijaandikwa kitu.

REHEMA: Kwa jicho la Mswahili ni "sasa sasa sasa". Iliyoachiliwa hujazwa 0x6b. Ukikuta 6b6b6b6b kwenye ripoti ya ajali, ujue kuna msimbo uliogusa memori ambayo imekwisha kurudishwa. Hiyo ndiyo kazi ya maneno haya: sumu. Anayeigusa aanguke palepale, na jina la sumu libaki kwenye ripoti.

SALIM: Bodaboda inafaa kuwa sumu ya pointa, ile namba inayoshika anwani ya memori?

REHEMA: Ukiiandika mara moja kwenye mashine ya biti 64, hapana. Inakuwa 00000000B0DAB0DA, anwani ya kawaida iliyo chini kidogo ya gigabaiti tatu, na huenda kweli pana kitu hapo. Programu haianguki, inaendelea kusoma takataka. Iandike mara mbili, 0xB0DAB0DAB0DAB0DA. Kwa x86-64 yenye anwani za biti 48, biti 17 za juu lazima zifanane zote. B ni 1011, hazifanani, kwa hiyo prosesa inakataa. Linux nayo kwa sababu hiyo hiyo huweka dead mwanzoni kabisa mwa pointa zake za sumu.

SALIM: Kwenye Java je?

REHEMA: Hapo inakuwa hasi. Ukiiweka kwenye int, namba ya biti 32 ambayo biti yake ya kwanza ikiwa 1 ni hasi, ni -1327845158. Ukiilinganisha na long, namba ya biti 64, yenye 2967122138, jibu ni false, na utakodoa macho usione kosa. Malizia kwa L ili iwe long: 0xB0DAB0DAL.

SALIM: Anwani za MAC, yaani za kadi ya mtandao, za mashine pepe, kompyuta inayoigizwa ndani ya nyingine, tumalizie hapo. B0 ianze?

REHEMA: Isianze. Kwenye baiti ya kwanza, biti ya mwisho iwe 0, la sivyo ni anwani ya kundi. Inayoitangulia iwe 1, kuonyesha umejipangia mwenyewe. B0 inaishia na 00, maana yake umeingia kwenye anwani wanazogawiwa watengenezaji. DA ni 11011010, inaishia na 10. Inapita.

SALIM: Kwa hiyo DA:DA, halafu...

REHEMA: DA:DA:B0:DA:B0:DA. Baiti sita kamili, kaka.