Ukakasi wa Hermitage: kuonja na kuuzeesha mvinyo mwekundu mzito

Walimu wangu, shikamooni. Na nyinyi vijana wa mwaka wa pili, hamjambo? Kabla sijaendelea, naomba walio karibu na chupa ya kwanza, hii ya mwaka 2019, wamimine glasi moja kwa kila meza, kiasi cha vidole viwili tu. Nuseni mara moja, mkumbuke mlichonusa, kisha msiiguse tena mpaka niwaambie.

Najua humu wamo ambao dini yao haiwaruhusu kuonja. Kazi hii haimlazimishi mtu kumeza. Waonjaji wenyewe, hata huko Ufaransa, hutema kila funda kwenye ndoo, maana anayemeza hawezi kuonja chupa 30 asubuhi moja na akili ikabaki timamu. Mengi nitakayosema leo, kuanzia joto la stoo mpaka namna ya kumimina, anaweza kuyamudu mhudumu asiyetia hata tone kinywani. Asiwepo wa kumshinikiza mwenzake.

Nimechagua mvinyo mmoja tu, Hermitage, kwa sababu ukiuelewa huu umeelewa karibu kila mvinyo mwekundu mzito. Unatoka kwenye kilima kimoja juu ya mji wa Tain-l'Hermitage, ukingo wa mashariki wa mto Rhône, kusini mwa jiji la Lyon, Ufaransa. Mizabibu yote ya jina hilo imo katika hekta kama 136. Shamba moja la mkonge la Tanga linaweza kulizidi eneo hilo mara nyingi. Kilima kinatazama kusini, kwa hiyo jua linakipiga kutwa, na kinapata kinga kidogo dhidi ya mistral, upepo mkali unaoteremka na bonde kutoka kaskazini. Upande wa magharibi, sehemu iitwayo Les Bessards, ni granaiti, mwamba wa jamii ya majabali mnayoyaona Mwanza. Ukisogea mashariki unakuta kokoto za mto, mfinyanzi na chokaa.

Nilivuna huko msimu mmoja. Mteremko ni mkali, trekta haifai sehemu nyingi, kila mzabibu umefungwa kwenye mti wake, na matuta yameshikwa na kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji. Mvua kubwa ikishusha udongo, watu huupandisha tena kilimani. Ukishapanda kilima kile na ndoo mkononi, huwezi tena kuimimina chupa yake kama maji ya bomba.

Zabibu ni Syrah. Sheria inaruhusu kutia zabibu nyeupe, Marsanne na Roussanne, hadi asilimia 15, ingawa wengi hawafiki huko. Katika karne ya 18 na ya 19 wafanyabiashara wa Bordeaux, mji wenye jina kubwa kuliko Tain, walikuwa wakinunua mvinyo wa kilima hiki na kuuchanganya na wao ili upate rangi na nguvu. Kwa hiyo mtu akikwambia Ufaransa hakuna mvinyo mkubwa nje ya Bordeaux, mweleze hilo kwa adabu.

Sasa pua. Hapa nataka twende polepole, kwa sababu ndipo vijana wetu wanapodanganywa kwamba hawajui. Vitabu vinakuja na orodha ya matunda ya baridi ambayo wengi wenu hamjawahi kuyashika mkononi, nanyi mnayakariri kama kasuku. Acheni. Syrah ya Hermitage ina harufu ya pilipili manga, na si mfano wa maneno. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walionyesha kwamba harufu hiyo inatokana na kemikali iitwayo rotundoni, na kemikali hiyo hiyo ndiyo inayoipa pilipili manga harufu yake. Mtoto aliyekulia Muheza kwenye mashamba ya viungo anaijua kabla hajaanza shule. Ila kuna jambo moja: karibu mtu 1 kati ya 5 hainusi rotundoni kabisa. Usipoipata, pua yako si mbovu, ndivyo ulivyoumbwa.

Ipo na karafuu. Mvinyo huu hukaa kwenye mapipa ya mwaloni, kwa wazalishaji wengi mwaka mmoja na nusu au zaidi. Ubao wa pipa huchomwa kwa moto ndani wakati wa kulitengeneza, na ubao huo hutoa eujenoli, ambayo ndiyo kiini cha harufu ya karafuu. Mtu wa Pemba anayesema "hapa nanusa karafuu" ametaja kemikali yenyewe, tena kwa uhakika kuliko Mfaransa ambaye karafuu anaiona mara moja kwa mwaka. Tumieni maneno yenu. Mgeni atawaelewa, na atawaamini zaidi kuliko mkimtajia tunda msilolijua.

Tukija kinywani, Kiswahili kina neno ambalo lugha nyingi zinalihangaikia: ukakasi. Ndizi mbichi ina ukakasi. Bibo la korosho lina ukakasi. Chai ya rangi iliyochemka mpaka ikawa nyeusi, isiyo na sukari, ina ukakasi. Hiyo si ladha ya uchungu wala uchachu, ni kule kukauka na kukaza kwa ufizi. Kinachoileta ni tanini, ambazo kwenye mvinyo hutoka kwenye maganda na mbegu za zabibu. Tanini zinashikana na protini za mate, mate yanapoteza utelezi, na ulimi unakuwa kama umepakwa vumbi. Ndiyo sababu chai ya maziwa haikazi kinywa kama chai ya rangi: tanini zimeshashikana na protini za maziwa. Na ndiyo sababu Hermitage changa inatulia mbele ya nyama ya kondoo au mbuzi yenye mafuta kiasi. Mpelekee mgeni mvinyo huu na samaki wa kuchemsha, atakuwa na haki ya kulalamika.

Mgeni akionja Hermitage ya miaka mitatu akakunja uso, msikimbilie kusema imeharibika. Ukakasi ule ndio akiba yake ya kuishi. Ndani ya chupa, miaka inavyopita, tanini zinaungana zenyewe kwa zenyewe na kuungana na rangi ya maganda, zinakuwa minyororo mirefu, na mingine inazama chini kama mashapo. Rangi inatoka kwenye zambarau nzito kwenda kwenye wekundu wa tofali. Harufu ya tunda inapungua, zinaingia ngozi, uyoga, udongo baada ya mvua, moshi. Katikati kuna miaka ambayo mvinyo unanyamaza, hautoi tunda wala huo uzee. Wengi wameifungua wakati huo wakahuzunika. Mwaka ukiwa mzuri, mimi singeigusa chupa ya Hermitage kabla ya miaka 10, na ya 20 ningeifungua bila wasiwasi. Ya 1961 na ya 1978 ni kati ya miaka ambayo kilima kile kinasifiwa kwayo mpaka leo.

Lakini si kila mvinyo unafaa kuzeeshwa. Ukakasi peke yake hautoshi. Lazima uwepo uchachu unaoshikilia, na lazima liwepo tunda la kutosha la kungojea. Mvinyo mwepesi wa kila siku ukiuweka miaka 15 unabaki bila tunda wala harufu nzuri.

Na hata ule mzuri unauawa na joto. Hili linaniuma. Kuna hoteli niliwahi kufanya kazi ambako chupa za thamani zilipangwa kwenye rafu iliyoegemea ukuta wa jiko, na kiyoyozi kilizimwa kila usiku ili kupunguza umeme. Mzee mmoja na mkewe waliagiza Hermitage ya miaka sita kwa ajili ya kumbukumbu ya ndoa yao. Nilipokata karatasi ya shingoni, nikakuta kizibo kimesukumwa juu. Ndani rangi ilikuwa kahawia, harufu ya jamu iliyounguzwa. Kulikuwa na mtu aliyepanda kilima kwa ajili ya chupa ile, na sisi tuliipika. Stoo iwe na nyuzi 12 hadi 14, zisizopanda na kushuka, giza, na unyevu wa kama asilimia 70 ili kizibo kisikauke. Chupa zilazwe. Dar es Salaam hakuna kona ya jengo yenye joto hilo bila mashine, kwa hiyo mkikosa mashine, nunueni kidogo na muuze mapema.

Mezani, "joto la chumba" ni maneno ya nyumba za zamani za Ulaya, nyuzi 16 hadi 18. Chumba chetu kina 30. Iingizeni kwenye friji mpaka ishuke kwenye nyuzi hizo kabla ya kuipeleka, wala msione aibu mgeni akishangaa. Changa imiminwe kwenye jagi saa mbili au tatu kabla. Iliyozeeka isimamishwe tangu jana yake ili mashapo yashuke, kisha imiminwe karibu na wakati wa kunywa, maana inaweza kuzimika ndani ya saa moja.

Haya, zirudieni glasi za mwanzo. Dada wa meza ya dirishani, wewe ulisema umenusa wino tu. Nusa tena, hewa imeshafanya kazi yake. Karafuu? Vizuri. Mpe jirani yako, lakini usimwambie ulichopata.

Nyinyi wengine sogeeni hapa mbele, nafungua ya 2005. Naweka tochi nyuma ya shingo ya chupa, mnaona? Namimina bila kuirudisha wima hata mara moja. Mstari mweusi ukifika begani, nasimama.