Simba Weupe na Sarafu za Mia Mbili

NEEMA: Jumapili nimekorofishana na ukoo mzima kwenye kundi la WhatsApp.

SALIM: Mtoto wa kaka yako tena?

NEEMA: Yuko Afrika Kusini. Katuma picha amepakata kitoto cha simba mweupe, anakinyonyesha kwa chupa. Watu wanamwaga mioyo. Nikauliza, mama yake yuko wapi? "Shangazi, ni yatima." Yatima wapi! Kwenye mengi ya mashamba yale ya kufugia simba mama ananyang'anywa watoto wachanga ili abebe mimba tena haraka. Watalii wanalipia kuwashika, na wakikua...

SALIM: Wanapigwa risasi ndani ya uzio.

NEEMA: Mwaka 2021 serikali ilitangaza nia ya kukomesha ufugaji ule. Bado simba wa mashambani kule ni wengi kuliko wa porini, Salim! Na mweupe ana bei.

SALIM: Wakati kwao ni hifadhi ya Timbavati, ubavuni mwa Hifadhi ya Taifa ya Kruger. Mtafiti Chris McBride aliwakuta watoto wawili weupe pale mwaka 1975, Temba na Tombi. Wakaishia bustani ya wanyama, Pretoria.

NEEMA: Na porini hawazaliwi ovyo, kwa sababu...

SALIM: Ngoja, nimekuja na sarafu mbili za mia mbili. Hii baba, hii mama, wote kahawia, ila wanabeba weupe. Upande wa Karume ni ukahawia, upande wa simba ni weupe. Zikilala simba zote mbili, mtoto mweupe. Rusha.

NEEMA: Karume, simba.

SALIM: Kahawia, ila anabeba.

NEEMA: Karume, Karume. Huyu habebi kitu. Tena... Karume, simba. Ah!

SALIM: Nafasi ni moja kati ya nne, dada. Usilazimishe.

NEEMA: Niache. Karume, simba. Sarafu zako hizi! Tena... simba, simba! Mweupe huyu hapa!

SALIM: Sasa dume la nje likiua baba yake na kutwaa kundi, linaua na watoto. Huyo wako hayupo.

NEEMA: Usimguse mwanangu.

SALIM: Ndiyo maana nasema tulinde wale kahawia. Mwindaji akiangusha dume linalobeba, kaondoka na weupe asiouona.

NEEMA: Sawa, lakini mweupe apewe sheria yake. CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyamapori, haimtofautishi na simba mwingine wa Afrika.

SALIM: Sheria ya rangi itapandisha bei ya rangi. Wafugaji watashangilia.

NEEMA: Wanashangilia sasa hivi! Wanasema hawezi kuwinda na manyoya yale, bora akae mashambani mwao. Waliorudishwa maeneo ya asili wamefuatiliwa, wanawinda kama wenzao.

SALIM: Hilo nakubali. Sheria sikubali.

NEEMA: Kwa hiyo asubiri mpaka kila simba apate ulinzi?

SALIM: Ni simba mmoja huyohuyo, Neema. Ukimtenga kisheria, umempa muuzaji lebo.

NEEMA: Usipomtaja, hakuna atakayemhesabu akipotea. Sitoki hapo.

SALIM: Na mimi sitoki.

NEEMA: Rusha tena.

SALIM: Fundi wa studio ananyoosha kidole, dakika moja. Na yale matatu ya msikilizaji kufanya?

NEEMA: Hatuyafikii. Wasikilizaji, mtoto wenu akiwa safarini akialikwa kumshika mtoto wa simba, asilipe. Rusha, Salim.

SALIM: Karume, simba.