Programu Salama ya Barua Pepe kwa Kompyuta ya Nyumbani: Tuichague na Kuiweka Pamoja

Habari zenu, karibuni. Leo niko mbele ya kompyuta ya sebuleni, ile inayotumiwa na nyumba nzima. Programu yoyote ya barua pepe naipima kwa swali moja kwanza: barua ya mtu nisiyemjua ikifunguka, programu inafanya nini?

Nina sababu. Barua nyingi za matangazo na za matapeli hubeba kipicha kidogo mno, hata cha nukta moja, na kipicha hicho kimekaa kwenye seva ya mtumaji, yaani kompyuta yake iliyo mtandaoni. Programu ikienda kukichukua, mtumaji anajua umefungua barua, na saa uliyoifungua. Tapeli akishajua kwamba anwani hii ina msomaji, hakuachi.

Ndiyo maana nimechagua Thunderbird. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, imekuwepo tangu 2004, na picha za namna hiyo huzizuia yenyewe bila kuombwa.

Hatua ya kwanza, ipakue. Andika mwenyewe thunderbird.net juu ya kivinjari. Usibonyeze tangazo linalotokea juu ya matokeo ya utafutaji, maana matapeli hulipia matangazo hayo ili wasambaze programu bandia.

Hatua ya pili, weka akaunti yako. Ukiulizwa IMAP au POP3, ambazo ni njia mbili za kupokea barua, chagua IMAP. Barua zitabaki kwenye seva na utaziona zilezile kwenye simu. Wenye Gmail, litafunguka dirisha la Google lenyewe, ingia hapo.

Sasa tulia kidogo hapa, wengi hupitiliza. Fungua mipangilio ya seva, tazama palipoandikwa "Connection security". Panapaswa kusomeka SSL/TLS, yaani ulinzi unaoficha mawasiliano njiani, na poti (namba ya mlango wa seva) 993 kwa barua zinazoingia. Zinazotoka hutumia 465, au 587 yenye STARTTLS, njia nyingine ya kuwasha ulinzi huohuo. Ukikuta "None", usiendelee: nenosiri lako linaweza kusafiri wazi, na mtu aliye kwenye Wi-Fi hiyohiyo akalinasa. Waulize wanaokupa huduma ya barua pepe wakupe mipangilio yenye ulinzi.

Hatua ya tatu. Bonyeza alama ya gia chini kushoto, nenda "Privacy & Security", weka tiki kwenye "Use a Primary Password". Hili ni kufuli la manenosiri yaliyohifadhiwa. Lakini naomba mnielewe vizuri: halifichi barua ambazo tayari zimeshuka kwenye kompyuta. Kwa hiyo kila mtu wa nyumbani afunguliwe akaunti yake ya Windows, yenye nenosiri lake. Hata watoto.

Ukiwa mwanasheria au mwandishi wa habari mwenye siri za watu, OpenPGP, yaani njia ya kufunga barua kwa ufunguo ili aisome mwandikiwa tu, imo humohumo kwenye Thunderbird tangu toleo la 78 la mwaka 2020. Ila unayemwandikia naye lazima awe na ufunguo wake.

Viungo je? Peleka kishale juu ya kiungo bila kubonyeza, usome anwani inayojitokeza chini. Barua inasema benki, anwani inasema kingine: ifute.

Mwisho tujaribu. Fungua barua moja ya matangazo uliyonayo. Unauona ule mstari juu ya barua unaosema picha zimezuiwa? Uache hivyo hivyo, na barua isome bila picha.